Bobcat inalegea na kuzima ikipanda mwinuko, dizeli imo tenkini. Msaada wakuu

Kijana_wa_Saiti

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu na mitambo midogo. Nina skid steer, hivi vijiko vidogo vyenye ndoo mbele ambavyo saiti wote tunaita bobcat hata kama ubavuni pameandikwa jina lingine. Injini ni Kubota V2203, silinda nne, ya kizamani isiyo na kompyuta. Iko Madale, hapa Dar, tunasawazisha kiwanja na kutoa kifusi, na wanaoijua Madale wanajua kule hakuna kiwanja tambarare. Unashuka, unapanda, siku nzima.

Asubuhi inawaka vizuri tu, haina shida. Inapiga kazi, ina nguvu, hadi saa nne au saa tano hivi. Hapo inaanza kulegea. Ukiwa unapanda, mlio unashuka, unaongeza moto haisikii, inakohoa kohoa kisha inazima. Ukiiacha ipumzike halafu ukapiga stata kwa muda, inawaka, inakwenda kidogo, inarudia yale yale. Kwenye tambarare inaweza kuvumilia, ila kilimani haifiki juu.

Tumeshaweka filta mpya ya dizeli. Lile bakuli la kutenganisha maji tumelisafisha, tulikuta maji kidogo na utelezi mweusi unaonuka. Filta ya hewa imepulizwa. Fundi aliyekuja amekagua mipira yote ya mafuta, hakuna panapovuja hata tone, chini ya injini pakavu kabisa. Kwa hiyo amehitimisha kwamba pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa shinikizo kuingia kwenye injini, imechoka, anataka ishushwe ikapimwe, na kwa hesabu yake pamoja na spea ni milioni moja na laki mbili. Mwenye mtambo yuko Dodoma, simu yake haikauki. Kabla sijamtajia hiyo hela nataka kusikia kwenu.

Mafuta tunanunua sheli, yanakuja saiti kwa bodaboda kwenye madumu ya lita ishirini. Tunaweka madumu mawili kila asubuhi.

Tipa_Mbagala

Pole mkuu. Hapo umeuziwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Hama sheli, tatizo limekwisha.

MamaMitambo

Tipa, hiyo ilikuwa zamani. EWURA, wale wadhibiti wa mafuta, walianza kuweka kinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochanganywa, 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mpaka bei ikakaribiana na dizeli. Nani atachanganya kitu ambacho hakimpi faida? Mimi nina mitambo miwili ya kukodisha, na maji kwenye dizeli yangu sijawahi kuyapata sheli. Nayapata kwenye dumu. Dumu lilikuwa la mafuta ya kula, likaoshwa, halikukauka, likajazwa. Au kijana wa bodaboda kapunguza lita mbili njiani akafidia kwa maji ya kisima.

Kijana, kabla hujamimina, jaza dizeli kwenye chupa ya maji inayoonyesha, iache imesimama wakati mnakunywa chai. Maji ni mazito, yatakaa chini na utaona mstari. Ila nikisoma dalili zako sidhani maji peke yake yanafanya hivyo. Ngoja wenye kazi yao waje.

Fundi_Keko

Kijana, usishushe pampu. Mpaka sasa hakuna aliyekuonyesha kwamba dizeli inaifikia hiyo pampu. Unataka kumfukuza mpishi na hujaangalia kama unga umefika jikoni.

Kuna maneno yako yamenifanya niweke miwani: "hakuna panapovuja, pakavu." Kutoka tenki hadi fidi pampu, ile pampu ndogo inayoilisha pampu ya nozeli, dizeli haisukumwi, inavutwa. Injini ikiwa inafanya kazi, mpira uliopasuka upande huo hautoi tone nje, unaingiza hewa ndani. Utaufuta kwa kitambaa, utaukagua kwa tochi, utaapa ni mzima. Dizeli ya kudondoka utaiona kuanzia fidi pampu kwenda mbele, kwa sababu huko ndiko kuna msukumo. Kwa hiyo huo ukavu ambao fundi wenu kautolea hukumu si ushahidi wa kitu chochote.

Sasa nijibu. Solenoidi ya kuzimia, ile swichi ya umeme inayofungua na kukata dizeli, naiweka pembeni kwa leo, maana ile ikikosa umeme injini inakata papo hapo, sawasawa na kugeuza ufunguo. Yako inalegea kwanza na kukohoa. Nataka kujua moshi: inapolegea unatoka mweusi, mweupe, au hakuna? Ikishakufa na unapiga stata, bomba la moshi linatoa chochote? Na inapolegea, ni injini yenyewe inashuka mlio, au injini inanguruma vizuri ila magurudumu ndiyo hayana nguvu? Maana kama ni hilo la pili tunazungumza haidroliki, na hapa tunapoteza muda.

La mwisho ndilo kubwa. Wakati inaanza kusumbua, tenkini dizeli imebaki kiasi gani? Usiniambie saa nne. Injini haina saa.

Kijana_wa_Saiti

Shikamoo fundi. Ni injini yenyewe inashuka mlio, mpaka taa ya chaji inawaka halafu kimya. Moshi mweusi hakuna. Tukipiga stata baada ya kufa hautoki moshi wowote, tunapiga weee, baadaye unatoka mweupe kidogo kidogo ndipo inawaka.

Geji ya mafuta haifanyi kazi, lakini opereta anasema akichungulia na kijiti huwa karibu na nusu. Halafu kuna siku mchana ilipoanza kusumbua tuliongeza dumu la tatu, ikapiga kazi hadi jioni bila kuleta tabu. Fundi wetu alisema hiyo ni bahati.

Fundi_Keko

Marahaba. Hapo hakuna bahati.

Moshi mweusi ni dizeli nyingi iliyokosa hewa. Wewe huna. Stata inazunguka na bomba halitoi hata moshi, maana yake hakuna kilichoingia cha kuungua. Mweupe unapotokea, dizeli imeanza kufika ila bado haijashika moto vizuri. Kwa hiyo injini yako ina njaa, hilo tumemaliza. Kilichobaki ni kujua chakula kinakwama wapi.

Mlipoongeza lile dumu mlifanya mambo mawili kwa mpigo: mmepandisha mafuta tenkini, na mmefungua mfuniko. Sasa hatujui ni lipi lililoiponya. Mfuniko wa tenki unatakiwa uruhusu hewa kuingia kila dizeli inapopungua. Kitundu chake kikizibwa na vumbi, na vumbi la Madale nalijua, tenki linajenga ombwe na fidi pampu inashindwa kuvuta. Kwa hiyo kesho ikianza kulegea, opereta aishushe tambarare, mikono ya ndoo chini, asizime. Mtu mwingine afungue mfuniko. Akisikia tenki linavuta pumzi na injini ikarudi kwenye mlio wake, umemaliza kazi kwa bei ya kusafisha mfuniko. Isipobadilika, mfuniko hauna kesi.

Kisha nenda kwa mafundi ujenzi hapo hapo saiti, uwaombe kipande cha ule mpira wanaotumia kupima leveli kwa maji, ule unaoonyesha ndani. Ukate, uuweke katikati ya filta na pampu ya nozeli, kaza klipu mbili. Ni wa kupimia tu, usiuache hapo, joto la injini litaugeuza mgumu na utapasuka. Toa hewa, washa, tazama. Dizeli safi inapita kimya, unaweza hata kudhani haitembei. Ukiona mapovu, tunajua ni hewa. Usipoona mapovu na bado inalegea, basi kuna mahali pameziba au fidi pampu imechoka, na mazungumzo yanabadilika.

Ukipata mapovu, chomoa mpira wa kuvuta unaoingia fidi pampu, weka mwingine mfupi unaotoka kwenye dumu safi lenye dizeli, dumu likae juu kuliko injini na lifungwe kamba. Mpira unaorudisha dizeli ya ziada tenkini nao uelekeze dumu lile lile. Usipande nao kilima, tafadhali. Ipe mzigo ikiwa imesimama: opereta kitini, mkanda umefungwa, akunje ndoo mpaka mwisho ashikilie wenzo sekunde chache huku moto umejaa, aachie, arudie. Wewe simama pembeni, mikono mbali na feni na mkanda. Ikivumilia mzigo kwa dumu na haivumilii kwa tenki, pampu yako ya milioni ni nzima na ugonjwa uko nyuma yake.

Na msinyonye dizeli kwa mdomo. Naona vijana wanafanya hivyo kila siku kwenye gereji za mtaa wa Gerezani kama mchezo. Ikipitiliza kuingia mapafuni ni hospitali.

Injekta_Tabata

Mimi kazi yangu ni kupima pampu na nozeli. Fundi Keko yuko sahihi kwenye mpangilio, ila naomba tusiitakase pampu moja kwa moja. Pampu iliyochoka ndani ina tabia yake: ikiwa baridi inawaka vizuri, ikishapata moto dizeli inakuwa nyepesi na inapenya pale palipolika, basi unapiga stata hadi betri inalia. Hilo linafanana na maelezo ya kijana.

Tofauti ni moja. Pampu iliyochoka haijali tenki limejaa au nusu. Ikisumbua ikiwa moto, itasumbua hata ukiijazia mpaka shingoni. Na jambo jingine, msiimwagie maji ya baridi pampu iliyo moto ili iwake. Nimeletewa iliyokwama kwa ajili hiyo.

Pampu nyingi zinazofika mezani kwangu zinarudi zilivyokuja, mwenyewe analipia kupimwa tu. Nozeli za hiyo V2203 zinatakiwa kufunguka kwenye shinikizo la kilo 140 hivi kwa sentimita ya mraba, hilo ni jambo la kupima ukipata nafasi, lakini nozeli mbaya itakupa moshi na kugonga, haitakuzimia mtambo kila ukifika nusu tenki.

Fundi_Keko

Injekta nakubali. Na kwa maneno yako ya tenki nusu umenisaidia kazi.

Kijana_wa_Saiti

Wakuu nimerudi. Leo tumeshinda na hii kitu.

Tulisubiri mpaka ikaanza kulegea, tukafungua mfuniko. Haikuvuta hewa, na mlio haukubadilika. Mfuniko umeachiwa.

Mpira wa leveli tumepata, fundi ujenzi alikata kwa kinyongo. Tulipowasha hapakuwa na kitu, dizeli imetulia. Baadaye vikaanza vipovu vidogo vidogo vinapita kimoja kimoja. Opereta alipokunja ndoo kuipa mzigo, vikaungana vikawa vipande virefu vya hewa, dizeli kidogo, hewa, dizeli kidogo, na injini ikaanza kukohoa kwa kufuatana nazo kabisa. Yaani unaona kipande cha hewa kinaingia kwenye pampu, unahesabu kidogo, inakohoa.

Tukahamia kwenye dumu. Hakuna povu hata moja. Tumeipa mzigo hadi opereta akachoka. Nguvu ile ile ya asubuhi. Kwa hiyo ugonjwa uko kati ya tenki na fidi pampu, na mipira yote ya nje ni mizima, tumebadilisha klipu zote hakuna tofauti. Hapo ndipo nimekwama. Fundi wetu sasa anasema ni bakuli la kutenganisha maji linapitisha hewa.

Fundi_Keko

Bakuli linaweza, ringi yake ikikauka. Lakini bakuli nalo haliangalii kiwango cha tenki. Kitu pekee kinachojua kwamba mafuta yamefika nusu ni kile kilicho ndani ya tenki. Kuna mpira unaoshuka kutoka kwenye kiungio cha juu hadi karibu na sakafu ya tenki. Ukipasuka pale juu, tenki likiwa limejaa ufa umezama, unavuta dizeli na hakuna anayejua. Mafuta yakishuka chini ya ufa, unavuta hewa. Ukipanda mwinuko dizeli inakimbilia upande mmoja, ufa unabaki wazi mapema zaidi. Ndiyo maana kilima kinauua na tambarare inavumilia.

Hakikisha kabla ya kufungua. Tenki likiwa nusu, injini imezimwa, chomoa mpira wa kuvuta kwenye bakuli, uunganishe na pampu ya baiskeli. Fungua mfuniko wa tenki, weka sikio, mwenzako apulize taratibu. Mpira mzima utapeleka hewa hadi chini na utasikia inabubujika ndani ya dizeli. Uliopasuka juu hautabubujisha kitu. Ukiona upepo haupiti kabisa, basi kuna vali ya kuzuia kurudi au chujio la mwisho limeziba, uniambie.

Tenki lenu mnalifikia kwa kuinua kebini. Mikono ya ndoo ikibidi kuwa juu, weka kile chuma cha kuizuia, usitegemee haidroliki. Skid steer inaua watu pale pale katikati ya mkono na fremu, na huwa ni fundi au opereta aliyejitokeza mara moja tu kuangalia kitu.

Kijana_wa_Saiti

Fundi, haikububujika. Upepo ulitoka moja kwa moja kwenye mdomo wa tenki ukiwa na harufu ya dizeli.

Tukainua kebini, tukafungua kiungio, tukauvuta. Mpira umevimba na kulainika, ukiuminya vidole vinaacha alama nyeusi. Ufa unaanzia chini kidogo ya kiungio, una urefu wa kidole, na ukiukunja unafunguka. Mwisho wa chini kile kichujio kimefunikwa na utelezi mweusi kama ule wa kwenye bakuli. Opereta alitaka kukata kipande kilichopasuka na kurudisha kilichobaki. Nimemkatalia, si ungekuwa mfupi na kuacha nusu ya dizeli chini?

Mzee wa Dodoma nimemtumia picha. Amenyamaza, kwake hiyo ni dalili njema. Sasa nanunua mpira gani? Wauza spea wa Shaurimoyo wameniambia mpira wa mafuta ni mpira wa mafuta.

Fundi_Keko

Umefanya vema kumkatalia. Na wa Shaurimoyo wanataka kuuza. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa uhimili dizeli kwa ndani. Ganda la nje halikutengenezwa kulowa mchana na usiku. Ndiyo maana wako umevimba. Tafuta wa kuzama, ubavuni una maandishi 30R10. Ni ghali na unauzwa vipande vifupi, na wewe kipande kifupi kinakutosha. Nenda na ule mbovu mkononi ulinganishe tundu la ndani, usinunue kwa macho.

Ukiukosa kabisa, bomba la chuma lililokunjwa vizuri ni afadhali. Atakuja mtu kukushauri bomba la shaba la friji kwa sababu linakunjika kwa mkono. Mwambie ahsante. Shaba inaharakisha dizeli kuchacha na kuacha gundi, na gundi hiyo itaishia kwenye nozeli zako.

Mwisho wa chini ukate mshazari, uishie upana wa kidole juu ya sakafu. Ukigusa chini utanyonya tope na kujiziba wenyewe.

Ule utelezi mweusi ni vijidudu. Vinaishi pale maji na dizeli vinapokutana, bila maji haviishi. Ukirudisha mpira mpya kwenye tenki chafu, filta yako mpya haimalizi mwezi. Mwaga dizeli yote, suuza tenki kwa dizeli safi, usitumie petroli, toa mpaka inayotoka iwe safi. Filta ibadilishwe tena baada ya hapo. Na jazeni tenki jioni mnapofunga kazi, si asubuhi. Kwa unyevu wa pwani yetu, tenki lililolala nusu linaamka na jasho ndani.

Kutoa hewa: legeza skrubu ya juu ya filta, sukuma mafuta mpaka povu liishe, kaza. Halafu nati za mabomba kwenye nozeli, nusu mzunguko tu, piga stata kwa vipindi vifupi hadi dizeli ichuruzike, kaza moja baada ya nyingine. Usipitishe mkono kuangalia panapotoka. Dizeli ya shinikizo hilo inapenya ngozi. Tumia kipande cha boksi.

MamaMitambo

Na madumu, kijana. Nunua mapya yawe ya dizeli tu, yaandike kwa rangi. Ukimimina, acha ile ya mwisho kabisa ibaki kwenye dumu, na weka faneli yenye wavu. Huyo wa bodaboda mwambie tu kwamba siku hizi unapima kwa chupa, atanyooka mwenyewe.

Kijana_wa_Saiti

Nimepata wa 30R10 duka la tatu, kipande cha nusu mita. Tenki limesuuzwa, tulitoa uchafu unaotisha. Leo imeshuka hadi chini ya nusu, tumeipandisha mwinuko ule mkali wa nyuma ikiwa na ndoo imejaa, haikutikisika. Kipande cha mpira wa leveli nimekirudisha kwa mwenyewe, kakikataa, kinanuka dizeli. Fundi Keko, nipe namba kwa inboksi nikutumie ya soda.

Dereva_Kigamboni

Samahani kwa kudandia uzi. Yangu ni Kubota hiyo hiyo ila stata inazunguka vizuri, haiwaki kabisa, moshi hakuna hata chembe. Dizeli inafika kwenye pampu, nimefungua nikaona inatoka. Jana ilikuwa nzima.

Fundi_Keko

Kigamboni, wewe ndiye wa solenoidi. Ina waya tatu: moja ya kuvuta, moja ya kushikilia, moja ya hasi. Ya kuvuta inapata umeme mwingi kwa kitambo kidogo tu, kisha ya kushikilia inabeba. Washa ufunguo, mtu mmoja akiangalia kijiti chake. Kisipoingia, kisukume kwa mkono. Kikibaki ndani na injini ikawaka, koili ya kushikilia ni nzima, ya kuvuta haipati umeme: anza na fyuzi na rilei yake, halafu waya, maana panya wanapenda huko nyuma. Kikirudi kila ukiachia, pima kama umeme unafika kwenye waya wa kushikilia kabla hujanunua solenoidi. Lete majibu na picha ya soketi yenyewe.